Injini ya IST ukiifunga kwenye ndege itaruka? Tuongelee injini na usukani wa ndege ukilinganisha na gari

#1 · Mleta uzi

Wakuu heshima kwenu.

Kila baada ya muda humu ndani unaibuka ubishi wa kufunga injini ya gari kwenye ndege, mmoja anasema injini ni injini tu zote si zinachoma mafuta, mwingine anasema ya ndege ni mambo mazito fundi wa mtaani hawezi hata kuelewa. Nimeamua nilete uzi mrefu maana mimi nilianzia gereji za magari kabla sijahamia kwenye ndege na hizi tofauti nazipenda mno. Upande wa gari nitatumia Toyota IST yenye injini ya 1NZ kwa sababu kila mtu anaijua. Upande wa ndege naanza na Cessna 172, kale kandege ka watu wanne ambako marubani wengi sana duniani wamejifunzia, ukienda uwanja wa ndege wa Wilson pale Nairobi utaziona. Majeti tutafika.

Swali la kichwa cha uzi nalijibu kabisa: ndiyo, injini ya gari inaweza kurusha ndege na zipo zilizorushwa. Ila shikeni hili moja maana kila kitu kinatokana nalo. Gari likizima unawasha hazadi, unasogea pembeni, unampigia fundi. Angani hamna pembeni. Kwa hiyo aliyeunda injini ya ndege ndogo hakuanza kwa kujiuliza itakula mafuta kidogo vipi au itakuwa tulivu vipi, alianza na swali moja tu, itazimaje, halafu akaziba njia hizo moja baada ya nyingine, na ndo maana ukiifungua unakuta teknolojia ambayo fundi wa gari anaiona ya kizamani.

Tuanze na nguvu inakwenda wapi. Kwenye IST injini inapeleka nguvu gia boksi, difu, shafti, tairi, na tairi ndo zinasukuma lami. Tairi za ndege hazijaunganishwa na injini popote, zinabiringika tu kama za toroli, zina breki basi. Hata ikiwa inatambaa polepole kwenda kwenye ranwei ni propela inashika hewa inairusha nyuma, ndege inakwenda mbele. Kwa hiyo kwenye Cessna hakuna klachi, hakuna gia boksi, hakuna nyutro, propela imefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye krankshafti, injini ikiwaka propela inazunguka na ndege inataka kuondoka, unaizuia kwa breki tu.

Sasa namba. 1NZ ina lita 1.5 na inatoa kama hosipawa 109 kwenye mizunguko 6000 kwa dakika. Cessna 172S ina injini ya Lycoming IO-360, silinda nne zimelala mbili kulia mbili kushoto, lita 5.9, na inatoa hosipawa 180 tu kwenye mizunguko 2700. Fundi wa gari akisikia lita 5.9 zinatoa 180 anaona ni uzembe. Sababu ni propela. Ina kipenyo cha kama mita 1.93, ikizunguka mara 2700 kwa dakika ncha yake inakimbia karibu mita 272 kwa sekunde, na sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukiizungusha 6000 kama IST ncha inapita mita 600, yaani karibu mara mbili ya sauti, na propela ikishavuka hapo nguvu inaishia kwenye kelele na mtikisiko, kuvuta haivuti tena. Una njia mbili: injini kubwa inayozunguka taratibu, au injini ndogo ya kasi yenye gia ya kupunguza mzunguko katikati. Lycoming wakachagua ya kwanza kwa sababu gia ni kitu kingine cha kuharibika.

Halafu angalia mzigo. IST ikiwa kwenye 100 kwa saa kati ya Chalinze na Morogoro inatumia kama robo ya uwezo wake, ukifika mteremko unaachia mafuta inapumua. Ndege inaruka kwa nguvu zote, halafu ikishafika juu inatembea kwenye asilimia 65 hadi 75 ya nguvu mfululizo saa tatu nne. Chukua gari lako ulikanyage hivyo kila siku uone litafika wapi. Hii Lycoming inaruhusiwa kufikisha saa 2000 za kazi ya namna hiyo kabla ya kushushwa na kufunguliwa yote.

Rejeta haina. Maji hayapo, pampu ya maji haipo, mpira wa rejeta wa kupasuka haupo. Silinda zina mapezi kama ya pikipiki na hewa ya mbele inapita katikati yake. Kwenye Cessna 172 nyingi za kabureta hata pampu ya mafuta hazina, tenki ziko ndani ya mabawa juu ya kichwa cha rubani, petroli inashuka yenyewe.

Na moto wa plagi, hapa ndo napapenda. IST ikikosa umeme imekufa, koili na kontroli boksi (kompyuta ya injini) vyote vinakula betri na alternata. Lycoming ina magneto, sumaku inayozungushwa na injini yenyewe na kutengeneza moto wake, na ziko mbili, kila moja na plagi zake, silinda nne plagi nane. Betri ife, alternata ife, uzime umeme wa ndege nzima, injini inaendelea kunguruma. Kabla ya kuruka rubani anapandisha mizunguko hadi 1800, anazima magneto moja anaangalia mizunguko imeshuka kiasi gani, anairudisha, anazima ya pili. Ikishuka zaidi ya 150, au tofauti ya hizo mbili ikazidi 50, harudi hewani mpaka fundi aangalie.

Ila magneto ina hatari yake. Swichi ya gari ukizima inakata umeme. Swichi ya magneto ukizima inaipeleka magneto kwenye bodi kwa waya, yaani inaipa ethi, moto unaishia hapo haufiki kwenye plagi. Ule waya ukikatika magneto iko hai muda wote hata kama ufunguo uko mfukoni kwako, mtu akisogeza propela kwa mkono na kuna petroli imebaki kwenye silinda, injini inapiga. Kwa hiyo hata siku moja usiegemee propela ya ndege iliyopaki kupiga picha.

Ndo maana pia kuizima ni tofauti. Huzimi kwa ufunguo. Kuna kitasa chekundu kinaitwa miksha, ukikivuta chote mafuta yanakatika, injini inamaliza yaliyopo inakufa njaa, silinda zinabaki kavu, ndipo unazima swichi. Kazi kubwa ya hicho kitasa ni huko juu. Ukipanda hewa inapungua, petroli ikibaki ileile mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinajaa masizi, injini inakosa nguvu. Gari lako likipanda Kitonga kontroli boksi inarekebisha wewe hujui kitu. Cessna rubani anarekebisha mwenyewe kwa mkono. Na hata akirekebisha vizuri injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila futi 1000. Uwanja wa Julius Nyerere Dar uko kama futi 180 kutoka usawa wa bahari, Wilson iko zaidi ya futi 5500, kwa hiyo Cessna hiyohiyo ikiwa Wilson haijaondoka ardhini imeshakosa kama asilimia 17 ya nguvu, na propela inashika hewa nyepesi, na bawa nalo linabebwa na hewa nyepesi. Ranwei inayotosha Dar si lazima itoshe Nairobi mchana wa jua.

Usukani na majeti nitaendelea chini. Karibuni.

#2 · mdau, Mbezi

Mkuu uzi umeshiba. Ila hapo kwenye miksha umeniacha. Gari ya kawaida kabisa ina kontroli boksi na oksijeni sensa halafu ndege ya mamilioni rubani bado anavuta kitasa kwa mkono kama trekta la mwaka 70?? si waweke mfumo wa gari wamalize

#3 · Mleta uzi

Mkuu wamejaribu, na historia yenyewe imeanzia kwenye gari. Ndugu Wright, wale waliorusha ndege ya kwanza mwaka 1903, mwishoni mwa 1902 waliwaandikia watengenezaji wa injini za magari wakitaka injini nyepesi, hakuna aliyewapa inayofaa, wakamwachia fundi wao Charlie Taylor akatengeneza ya silinda nne yenye bloku ya aluminiamu, kama hosipawa 12. Kwa hiyo ni ndugu wa damu, walitengana baadaye.

Porsche miaka ya 80 walichukua injini ya familia ya 911 wakaifanya ya ndege, PFM 3200, lever moja tu, hakuna miksha, ikafungwa kwenye ndege za Mooney. Nzuri kuendesha lakini soko halikuwapo wakaacha. Wajerumani wengine, Thielert, walichukua dizeli ya Mercedes A-Class wakaitoa kama Centurion 1.7, na leo Austro Engine nao wana dizeli yenye asili ya Mercedes inayofungwa kwenye Diamond DA40 na DA42. Hizi zina kompyuta kamili, zinatumia Jet A-1, yaani mafuta ya majeti, na kwa Afrika hilo ni jambo kubwa maana Avgas, ile petroli ya ndege ya rangi ya bluu yenye risasi ndani, viwanja vingi haipatikani na ikipatikana ni ghali. Kuna Rotax 912 pia, inafika mizunguko 5800, ina gia ya kupunguza, vichwa vya silinda vinapozwa kwa maji, na inakubali petroli ya sheli.

Ila ukihamisha akili ya injini kwenye kompyuta umeihamisha kwenye umeme. Mwezi wa tatu 2007 huko Speyer Ujerumani, DA42 yenye injini mbili za Thielert ilikuwa na betri zilizokufa. Wakaiwasha kwa umeme wa nje, injini zikawaka vizuri, wakaruka. Walipokunja matairi mota ikavuta umeme mwingi, volti zikaanguka, kompyuta za injini zote mbili zikajizima kidogo na kuwaka upya. Injini mbili, zote zilizimika kwa wakati mmoja sekunde chache baada ya kuruka, kwa sababu ya betri. Baada ya hapo kompyuta zikawekewa betri ya akiba yake. Sasa rudi kwenye magneto mbili na kitasa chekundu uone kwa nini watu hawana haraka ya kuachana navyo. Sipingi kompyuta, injini za kisasa za ndege zote kubwa zinaendeshwa na kompyuta, ila pale kila injini ina kompyuta yenye njia mbili zinazojitegemea na chanzo cha umeme kinachozungushwa na injini yenyewe. Hiyo akiba ya umeme ndo inagharimu, na ndo kontroli boksi ya IST haina.

Na kitu kingine kwa wanaorushia kabureta. Ukiwa ukanda wetu wa joto na unyevu, Dar, Tanga, Zanzibar, hata Kisumu, kabureta inaweza kuganda barafu ndani nje kukiwa na nyuzi 25. Petroli ikigeuka mvuke inanyonya joto, hewa ikipita kwenye kooni inapoa, unyevu unaganda, hewa inazibwa injini inaanza kukohoa. Kwa hiyo kuna kitasa cha kuingiza hewa ya moto kutoka kwenye egzosi. Dereva wa hapa pwani hajawahi kufikiria barafu kwenye injini maisha yake yote.

#4 · dereva wa semi, Tunduma

mi nasubiri ya usukani. kuna jamaa aliniambia ndege ikiwa chini usukani haukati kona eti unakata kwa miguu nikambishia sana

#5 · Mleta uzi

Jamaa yako alikuwa sahihi mkuu.

Ndani ya Cessna kuna kitu kinafanana na usukani mbele yako. Ndege ikiwa chini ukikizungusha kulia inaendelea kwenda moja kwa moja utafikiri hujafanya kitu. Kona unakata kwa pedali mbili za miguuni, ukisukuma ya kulia gurudumu la mbele linageuka kulia. Breki ziko juu ya pedali hizohizo, unakanyaga kwa ncha za vidole, ya kulia inafunga tairi la kulia ya kushoto la kushoto, kwa hiyo unaweza kufunga upande mmoja ndege ikageukia hapohapo. Mafuta hayako mguuni kabisa, unasukuma kitasa kwa mkono, na ukikiachia kinabaki pale ulipokiacha, hakirudi chenyewe kama pedali ya gari. Kwa dereva mwenye uzoefu hapa ndo mateso yalipo, mikono inataka kukata kona na miguu inatafuta klachi.

Kwenye jeti kubwa kapteni ana kausukani kadogo pembeni kwa ajili ya kona kali za ardhini.

Angani usukani una kazi mbili. Ukiuzungusha, vipande vya nyuma ya mabawa, eileroni, kimoja kinapanda kingine kinashuka, ndege inalala ubavu. Ukiuvuta kwako kipande cha mkia kinapanda, pua inainuka, ukiusukuma pua inashuka. Miguu inaendesha usukani wa mkia, pua inaenda kushoto kulia. Gari lina upande mmoja tu wa kuamua, kulia au kushoto, ardhi inakusaidia mengine. Ndege ina pande tatu na zinaingiliana. Ukilaza ndege kulia bila mguu, bawa la kushoto lililopanda linaburuta hewa zaidi na pua inavutwa kushoto, kinyume na kona unayotaka, kwa hiyo unaongeza mguu wa kulia. Na ikilala nguvu ya bawa inayobeba uzito inapungua kwenda juu kwa sababu sehemu yake imeelekea pembeni, kwa hiyo unavuta kidogo isishuke.

Kuna tofauti ambayo madereva wengi hawaiamini mpaka waione. Gari ukishika usukani robo linakata kona ya robo, ukiurudisha katikati linanyooka. Ndege ukizungusha usukani inaanza kulala na inaendelea kulala, ukiurudisha katikati inaacha kuongeza ila inabaki imelala vilevile inazunguka. Kuitoa lazima uuzungushe upande wa pili. Usukani wa gari unasema ugeuke kiasi gani, wa ndege unasema ulale kwa haraka kiasi gani.

Spidi ndo kabisa. Kwenye gari mafuta ni spidi. Ndege ikiwa imetulia angani, ukasukuma throtili (kile kitasa cha mafuta cha mkononi) bila kugusa kitu kingine, haiongezi spidi ya maana, inapanda. Ukipunguza inashuka kwa spidi karibu ileile. Spidi unaipanga kwa pua, pua chini inakimbia, pua juu inapungua, na ukishapata unayoitaka unazungusha kigurudumu cha trimu mpaka usukani uwe mwepesi mkononi, ndege inashikilia yenyewe. Marubani wanabishana kipi kinatawala kipi lakini kwenye kutua na ndege ndogo wengi wanafundishwa hivyo.

Na spidi ikipungua sana ndo kuna kitu gari halina. Semi yako ukipunguza mpaka sifuri imesimama, mwisho wa habari. Cessna 172S ikikaribia kilomita 98 kwa saa, au kama 89 ukishusha flapu (vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), pua ikiwa juu, hewa inaachana na mgongo wa bawa na bawa linaacha kubeba. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa. Dawa ni kusukuma pua chini, na mwili wa mtu unapoona ardhi inakuja unataka kuvuta, ukivuta unazidisha. Marubani wanafanyishwa zoezi hili tena na tena mkono uzoee kusukuma, na kuna honi inalia mapema kidogo kabla bawa halijaachia.

Mengine haraka: propela ikizunguka ndege inavutwa kushoto wakati wa kuruka, kwa hiyo mguu wa kulia unafanya kazi tangu mwanzo wa ranwei. Na upepo wa pembeni kwenye gari unaushika kwa usukani kidogo, kwenye ndege unakuja kutua pua imeelekea pembeni, unainyoosha sekunde za mwisho.

#6 · mdau, Zanzibar

Uzi bora wa mwaka huu. Swali: zile ndege ndogo za Caravan zinazotoka hapa kwenda Dar zina propela mbele ila mlio wake ni wa jeti na harufu ni ya mafuta ya taa. Hizo ni injini gani?

#7 · Mleta uzi

Pua yako iko sawa kabisa mkuu, Jet A-1 ni jamaa wa karibu sana wa mafuta ya taa. Hiyo ndani ni turbini, PT6 ya Pratt & Whitney Canada, familia iliyo kazini tangu miaka ya 60, kwenye Caravan za kawaida inatoa hosipawa 675. Hakuna pistoni hata moja.

Injini ya gari inafanya kazi kwa zamu, inanyonya, inabana, inalipua, inatoa, mlipuko ni mmoja kati ya hatua nne. Turbini inafanya zote nne kwa wakati mmoja sehemu tofauti, kompresa inabana hewa muda wote, moto unawaka muda wote bila plagi, gesi moto inazungusha turbini muda wote. Plagi ni za kuwashia tu, moto ukishashika unajiendesha. Kwa sababu hamna kitu kinachokwenda na kurudi mtikisiko ni mdogo na inadumu, saa 3600 kabla ya kufunguliwa yote ni kawaida kwa PT6 ya Caravan.

Utamu wa PT6 kwa fundi wa gari ni huu. Turbini inayoendesha kompresa na turbini inayoendesha propela hazijaunganishwa kwa chuma, katikati kuna gesi moto tu inapita. Kama unaijua torque converter ya gari la otomatiki inavyopitisha nguvu kwa oili, hapa ni wazo hilohilo kwa hewa. Turbini ya propela inazunguka zaidi ya mara elfu 30 kwa dakika, gia inaishusha mpaka 1900. Ukiiangalia Caravan vizuri hewa inaingia mbele, inapelekwa nyuma ya injini, halafu inasafiri kurudi mbele, ndo maana egzosi yake iko karibu na pua.

Na hapa ndo gia za ndege zilipo. Mapanga ya propela yanageuka pembe. Wakati wa kuruka yanalala karibu bapa yazunguke kwa wepesi, ni namba moja, ndege ikishakimbia yanageuka kushika hewa zaidi kila mzunguko, ni namba tano. Ikishatua rubani anavuta lever kupita sailensa (pale injini inaponguruma taratibu bila mafuta), mapanga yanageuka upande wa pili yanasukuma hewa mbele, ndo ule mngurumo unaousikia ikigusa ranwei. Hewani hairuhusiwi kabisa.

Kuwasha turbini ndo kunatisha mafundi. Gari likigoma unapiga stata tena. Turbini ukiingiza mafuta kabla kompresa haijashika kasi ya kutosha, moto unawaka hewa ya kupoza haitoshi, joto linapanda kupita kiasi ndani ya sekunde chache na mapanga ya ndani yanaungua. Kwa hiyo rubani anashika lever ya mafuta macho kwenye geji ya joto, ikipanda vibaya anakata papo hapo.

Majeti makubwa ni turbini hiyohiyo imewekewa feni kubwa mbele. Injini za Trent 1000 za Dreamliner (Boeing 787) za Air Tanzania zina feni ya kipenyo cha mita 2.85, na kwa kila sehemu moja ya hewa inayopita kwenye moto, kama kumi zinapita pembeni zikisukumwa na feni tu. Msukumo mwingi unatoka kwenye hewa baridi ambayo haijaona moto. Mapanga ya turbini ya kwanza yanafanya kazi kwenye gesi yenye joto kuzidi joto la kuyeyusha chuma chake, yanaokolewa na vitundu vidogo vinavyopitisha hewa ya kupoza na kwa kumiminwa kila panga kama fuwele moja ya nikeli. Dreamliner za Kenya Airways ni ndege ileile lakini injini ni GEnx za General Electric.

Usukani nao unatofautiana ndani ya kampuni moja. Air Tanzania hiyohiyo, 737 MAX bado ina nyaya za chuma kutoka kwenye usukani kwenda kwenye mitambo ya haidroliki, Dreamliner ina usukani wa kawaida ila mkono wako unazungumza na kompyuta, Airbus A220 haina usukani kabisa, ina kijiti pembeni, na kompyuta inakataa kukupeleka mahali pa hatari. Airbus ndo walianza hiyo kwa ndege za abiria za kidijitali na A320 mwaka 1988. Gari nyingi mpaka leo kuna chuma kati ya mkono wako na tairi.

#8 · mdada, Arusha

naombeni mniambie ukweli nasafiri wiki ijayo. injini zikizima zote huko juu ndo basi tena?

#9 · Mleta uzi

Hapana dada, safiri kwa amani. Ndege haibebwi na injini, inabebwa na bawa, injini inatoa spidi tu na pua chini nayo inatoa spidi. Cessna ikizimika ikiwa juu kilomita moja inaelea kama kilomita tisa mbele, ndege kubwa inaelea mbali zaidi.

Tarehe 24 mwezi wa nane 2001 Airbus A330 ya Air Transat ikitoka Toronto kwenda Lisbon ilivuja mafuta mpaka yakaisha juu ya bahari ya Atlantiki, injini zote mbili kimya. Iliteleza kama dakika 19, karibu kilomita 120, ikatua kisiwani kwenye visiwa vya Azores. Watu 306, wote wakatoka hai. Kuna kakinu kadogo ka upepo kanajishusha chini ya ndege kanatoa umeme na haidroliki ya kuendeshea usukani. Gari likizima kwenye mteremko usukani unakuwa mzito na breki zinagoma, pale walishafikiria hilo mapema.

Ikizima moja tu, ambayo nayo ni nadra, ndege yoyote kubwa ya abiria yenye injini mbili lazima iwe imethibitishwa kwamba inaweza kuendelea kuruka na kupanda na injini moja hata kama imezima katikati ya kuruka, na marubani wanalifanyia mazoezi hilo kwenye simuleta.

#10 · fundi, Gerezani

Kaka heshima. Mimi ni fundi injini miaka mingi. Hiyo A330 ilivuja kwa sababu gani? Na sisi tukitaka kuhamia huko tunaweza?

#11 · Mleta uzi

Kaka swali lako la kwanza linajibu la pili. Injini ya kulia ilikuwa imebadilishwa siku chache nyuma. Iliyoletwa ilikuwa ya toleo tofauti kidogo, wakafunga pampu ya haidroliki na bomba ambavyo havikuwa vya seti moja, bomba la haidroliki likawa linagusana na bomba la mafuta. Milimita tu. Vikasuguana mpaka bomba la mafuta likapasuka.

Gereji tunajua spea inayoingia imeingia. Huku spea ikiingia bado haijaingia mpaka namba yake ilingane na kitabu cha toleo lile la injini, ije na cheti chake, na ifungwe kwa spana ya toki (torque wrench), yaani kila nati ina kipimo chake cha kukaza, halafu nyingi zinafungwa na waya mwembamba wa kuzuia nati isirudi nyuma, waya umesokotwa kwa upande wa kukaza. Ukimaliza unaandika kwenye logi umefanya nini na unasaini, na kwa kazi nyeti kama mfumo wa usukani mtu wa pili anakagua na kusaini. Ndege ndogo ya biashara inafunguliwa ukaguzi kila saa 100 za kuruka hata kama haina kasoro. Oili ikimwagwa filta inapasuliwa tunaangalia kama kuna vumbi la chuma, na inapelekwa maabara kujua ni chuma cha wapi, cha silinda, cha beringi au cha bushi.

Kuhamia inawezekana na mikono ya gereji inasaidia sana, sikio la injini huwezi kulinunua. Hapa Dar NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) pale Mabibo wanafundisha ufundi wa ndege, Nairobi kuna East African School of Aviation, Uganda kuna chuo cha Soroti kilichokuwapo tangu enzi za Jumuiya ya zamani. Fizikia, hesabu na Kiingereza cha kusoma vitabu vya mtengenezaji vitakubana mwanzoni, halafu leseni unaipata kwa mitihani ya mamlaka ya anga na uzoefu ulioandikwa. Na leseni yenyewe inataja aina ya kazi, mwenye ya mitambo na injini hagusi redio na mifumo ya umeme wa kokpiti, hizo zina watu wake. Ukitaka kuanza kabla hujaenda chuo tafuta kitabu chochote cha injini za Lycoming ukisome sehemu ya magneto, nusu yake utakuwa unaijua tayari.

#12 · fundi, Gerezani

Nimeelewa kaka. Mwenye soft copy ya hicho kitabu cha Lycoming anitupie PM.